Pumzi ya Tisa

Kila asubuhi kabla ya kuingia chumba cha pumzi, Tusekile Mwaisaka alikatazwa vitu vitatu: chai ya rangi, simu yake ya mkononi, na habari yoyote ya msiba. Chai hupandisha mapigo ya moyo, simu hupandisha hasira, msiba huleta kwikwi. Na chochote kilichopanda kifuani mwake kingepanda papo hapo katika vifua tisa vya wanaume waliokuwa wakichimba handaki, kilomita mbili ndani ya mlima Nyalwega.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa magodoro membamba ili makelele ya kambi yasiingie. Palikuwa na kiti cha kuegemea, kioo kikubwa ukutani, simu ya waya, na dirisha ambalo siku nyingi halikuonyesha kitu zaidi ya ukungu. Tusekile alifunga mkanda wake mbavuni, mpana kama kiganja, akaketi. Kioo kikawaka. Mistari tisa ikaanza kupanda na kushuka chini ya mstari wake wa kijani, mmoja chini ya mwingine, kama matuta ya viazi.

Mkanda wake ulisoma. Mikanda ya wale tisa ilitii. Alipotoa pumzi, vifuko vya hewa vilivyoshonwa ndani ya mikanda yao vilijaa na kuwabana mbavu, alipovuta, vikalegea. Mtu hakulazimika kukumbuka chochote. Kifua kilifuata chenyewe, kama mguu unavyofuata ngoma.

Mwaka wa kwanza wa handaki watu waliumia ovyo, na karibu wote waliumia saa ya sita ya zamu. Madaktari waliwapima mikono na mapaja wakakuta nguvu zimo tele. Kilichokuwa kimechoka ni kichwa: saa sita za kusikiliza mwamba, kuhesabu mashimo, kuchungulia nyufa gizani. Na kichwa kikichoka huudanganya mwili. Huuambia kwamba nyundo imeongezeka uzito, kwamba ngazi imeongezwa vidato. Tusekile aliyajua hayo kabla hajayasomea. Alipokuwa mwalimu wa hisabati alichezea timu ya walimu mpira wa pete, na siku moja alisahihisha madaftari mia mbili tangu asubuhi, kisha jioni akasimama chini ya goli asiweze kuruka. Miguu yake haikuwa imefanya kazi yoyote siku nzima.

Ndiyo sababu waliomwajiri kwanza walimtaka awafundishe wachimbaji kupumua kwa hesabu tu, vuta kwa nne, toa kwa sita, mkono tumboni. Dawa ilikuwa nzuri, ila mtu aliyechoka akili husahau hata dawa ya uchovu wake. Ndipo ikaja mikanda. Mwanzo walitumia pumzi zilizorekodiwa. Watu walizifuata siku mbili. Siku ya tatu miili ikaanza kuzikataa, mmoja akatapika, mwingine akaapa kwamba kuna mtu amemkalia kifuani. Hakuna aliyeweza kueleza vizuri, lakini ilionekana mwili unajua kama anayeuongoza yu hai. Basi akawekwa mtu aliye hai.

Simu ya waya ililia saa kumi na mbili na robo. Ilikuwa desturi ya Mzee Lwitiko, mmoja wa wale tisa, kuomba simu kwa msimamizi wa zamu, Anyelwisye, ambaye pia alikuwa mpwa wake, ili amsalimie mwalimu kwa Kinyakyusa.

"Ugonile, mwalimu?"

"Ndaga, mzee. Kifua kimeamkaje leo?"

"Kimeamka kabla yangu. Nilipofungua macho nilikikuta kinakohoa."

Tusekile hakucheka, maana angewachekesha wote tisa, lakini alitabasamu. Lwitiko alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini kati ya hiyo aliila kwenye machimbo ya kokoto, akivuta vumbi. Katika faili lake palikuwa na karatasi ya daktari, mstari mmoja kwa wino mwekundu: asipelekwe chini ya pumzi sita kwa dakika. Halikuwa tatizo. Wakati wa kazi Tusekile aliwapeleka kumi na sita. Wakati wa mapumziko, sita. Chini ya hapo hakuwa na sababu ya kushuka.

*

Mwamba ulianguka saa tatu asubuhi.

Kule juu hakusikia kishindo. Aliona mistari tisa ikiruka kwa pamoja hadi juu ya kioo, na papo hapo mkanda wake ukamtekenya, ishara ya hatari. Mwili wake wote ulitaka kuruka na mistari hiyo. Alikuwa amefunzwa kwa ajili ya dakika hiyo moja. Akafumba macho, akavuta kwa nne, akatoa kwa sita. Akavuta tena. Alipofumbua macho, mistari ilikuwa inashuka, mmoja baada ya mwingine, kama watoto wanaorudi ndani mama yao akiita.

Mistari tisa. Wote walikuwa hai.

Mhandisi Redempta Kayombo aliingia bila hodi, buti zake zikiwa na matope. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, na siku hiyo upole wake ulitisha.

"Usiniangalie mimi, dada. Angalia kioo, endelea hivyo hivyo. Nitasema polepole." Akachuchumaa kando ya kiti. "Mita arobaini za dari zimeshuka nyuma yao. Hakuna aliyepondwa. Bomba la hewa limekatika. Waya wa simu na wa mikanda ni mzima. Wa kupima mioyo umekatika. Wamo kwenye chumba kama darasa moja hivi. Tunatoboa tundu kutoka juu, upana wa ndoo, tuwapelekee hewa. Litafika saa kumi jioni."

"Na hewa waliyonayo?"

"Wakipumua kama watu walioogopa, saa nane mchana."

Tusekile akavuta, akatoa. "Nikiwalaza kwa pumzi sita?"

"Saa tisa. Mwili uliotulia hula kidogo. Lakini saa tisa si saa kumi." Redempta alitoa karatasi iliyolowa, ikiwa na hesabu za penseli. "Ukiwapeleka nne, kama wamelala usingizi mzito, wanafika saa kumi na nusu."

Mistari ilipanda, ikashuka.

"Mzee Lwitiko hawezi nne," alisema Tusekile.

"Najua. Nimesoma faili lake kabla ya kuja hapa."

"Avue mkanda, apumue mwenyewe."

"Akivua ataanza kukohoa na kuhangaika. Atakula hewa ya watu watatu. Nimepiga hesabu mara mbili, Tusekile. Haifiki." Redempta alishika ukingo wa kiti. "Huenda akavumilia. Daktari huandika kwa tahadhari, ndiyo kazi yao. Huenda akavumilia."

"Basi nimuulize."

"Umuulize nini? 'Mzee, unakubali tukubane, ama wenzako wafe?' Mbele ya wote, kwenye simu moja, gizani? Akikataa je? Nani atamvumilia huko ndani?"

Simu ilikuwa karibu na mkono wake wa kulia. Alikuwa hana haja hata ya kunyoosha kiwiko. Baadaye, alipohojiwa na tume, na alipojihoji mwenyewe, alirudi kwenye dakika hiyo mara nyingi, na kila mara aliiona simu hiyo, nyeusi, waya wake umejikunja, na mkono wake umelala kando yake kama mkono wa mtu mwingine.

Alimpigia Anyelwisye. Akamwambia walale chali wote, wazime taa, wasizungumze, wamwachie yeye mikanda. Hakusema zaidi.

"Sawa, mwalimu," Anyelwisye alisema. "Tuko mikononi mwako."

Akakata simu. Akaanza kushuka. Sita. Tano na nusu. Tano. Kwa robo saa nzima alijishusha kama mtu anayeteremka kisimani kwa kamba, mpaka akafika nne, na wanaume tisa wakafika naye.

*

Kupumua mara nne kwa dakika kwa saa nyingi si kupumzika. Vidole hufa ganzi. Mawazo huja na kusimama mlangoni bila kuingia. Redempta alikuwa akiingia na kutoka kwa nyayo za mtu wa msibani, akimwambia tundu limefika mita ngapi. Dirishani ukungu ulikuwa mweupe, hauna asubuhi wala mchana.

Tusekile aliwatambua watu wake kwa mistari yao. Kwa kuwa mtu aliye hai huchelewa. Hata mkanda umbane vipi, mwili wake hubisha kidogo kabla ya kukubali, na kila mmoja hubisha kwa namna yake. Anyelwisye alimaliza kutoa pumzi kwa mtetemo mdogo. Chaula, fundi wa baruti, mtu wa Makete mwenye hofu nyingi na utani mwingi, alikuwa akiwahi kuvuta, kama anayeogopa hewa itaisha kabla ya zamu yake. Na Lwitiko alichelewa kuliko wote. Mstari wake, wa tisa chini kabisa, ulipanda, ukajikwaa, ukapanda tena, mithili ya mguu unaogonga kizingiti.

Saa sita na dakika thelathini na tano mstari huo ulijikwaa mara tatu mfululizo. Tusekile aliuona. Akauangalia mpaka macho yakamwasha. Mkono wake wa kulia ulisogea kuelekea simu, ukafika nusu ya njia. Mstari ukajikwaa tena, ukatulia.

Kisha ukaanza kwenda vizuri.

Faraja iliyomjia ilikuwa kubwa hadi karibu imvuruge. Mzee amezoea! Mstari wake ulipanda laini, ukashuka laini, haukugonga popote. Kwa dakika kumi Tusekile aliufurahia mstari huo kuliko yote. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kuliko wa Anyelwisye, kuliko wa Chaula, kuliko wa mtu yeyote aliyewahi kumwongoza kwa miaka mitatu.

Alipoanza kuelewa, hakuelewa kwa kichwa. Ngozi ya mikono yake ndiyo iliyotangulia. Aliutazama mstari wake mwenyewe, wa kijani, uliokuwa juu kabisa ya kioo. Akautazama wa tisa. Ulikuwa ni mstari mmoja. Wa tisa haukuchelewa hata chembe. Haukubisha.

Akashtuka, akavuta hewa kwa nguvu. Mistari minane ikaruka baada yake, kila mmoja kwa kuchelewa kwake. Wa tisa uliruka naye, wakati ule ule, kama kivuli.

Mkanda ulikuwa bado unafanya kazi yake. Ulikuwa unambana Mzee Lwitiko mbavu na kumwachia, unambana na kumwachia, na hewa ilikuwa inaingia na kutoka mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Hakuweza kulia. Kwikwi moja ingekuwa kwikwi nane. Alikaza meno, akarudi kwenye hesabu, akavuta, akatoa; na kila alipotoa alimwona mzee, gizani, akitoa pamoja naye.

Redempta alipoingia hakuhitaji kuambiwa. Alisimama mbele ya kioo, macho yakienda kutoka mstari wa kijani hadi wa tisa.

"Tangu saa ngapi?" akauliza.

"Saa sita na dakika arobaini."

Mhandisi alitoa karatasi yake. Tusekile alimwona akianza kuandika, akaacha, akafunika uso kwa karatasi ile ile. "Mungu anisamehe," alisema nyuma ya karatasi. "Nimepiga hesabu. Hewa sasa inatosha. Wanane, hata kwa pumzi sita, inatosha."

Tusekile akaanza kupanda kutoka nne.

"Lakini usiuzime mkanda wake," Redempta alisema. "Na usiwaambie. Wamelala kimya kwa sababu wanasikiana. Bado saa tatu. Wakijua kuna maiti kati yao, watavua mikanda wote, na hapo hakuna hesabu itakayotusaidia."

Simu ililia.

Sauti ya Anyelwisye ilikuwa chini, mdomo umebanwa kwenye simu. "Mwalimu. Mkono wa mjomba umekuwa baridi." Simu ikakwaruza mwamba. "Lakini anapumua. Sikiliza, nimeweka simu karibu yake. Unamsikia?"

Tusekile alisikia. Ilikuwa pumzi ndefu, tulivu, isiyo na mkwaruzo wowote, pumzi ya mtu mwenye mapafu ya kijana. Ilivuta alipovuta. Ilisimama aliposimama.

Redempta alikuwa akitikisa kichwa: hapana, hapana.

"Chaula anatuhesabu," Anyelwisye aliendelea. "Kila mara anahesabu pumzi, moja mpaka tisa, halafu anatulia. Nimwambie nini kuhusu mkono, mwalimu? Baridi ya mwamba, sivyo?"

Huo ulikuwa uongo uliokwisha kupikwa na kupakuliwa. Alichotakiwa ni kuupokea tu. Tusekile alivuta pumzi mbili kabla ya kujibu, na mtu wa tisa alizivuta naye.

"Anyelwisye, kaka yangu. Weka vidole shingoni mwake, chini ya taya. Usiseme kitu. Hesabu hadi thelathini."

Alimsikia akihesabu kwa pumzi. Alipofika ishirini aliacha kuhesabu.

"Hakuna kitu," alisema.

"Ni mkanda unaopumua. Yeye ameondoka saa sita na dakika arobaini. Pole, kaka."

Katika kioo, mstari wa Anyelwisye ulitetemeka kama maji kwenye beseni lililogongwa, na Tusekile akaushika kwa pumzi yake, akaushika, mpaka ukatulia.

"Jiwe halikumgusa," Anyelwisye alisema hatimaye. "Alikuwa mzima. Alinitania kabla hatujazima taa."

"Niliwashusha mpaka nne. Daktari alikuwa amekataza asishushwe chini ya sita. Bila hivyo hewa isingewafikisha."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

Redempta alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Hakujaribu tena kumzuia.

Sauti ya Anyelwisye ilipokuja ilikuwa kavu. "Angekubali. Unamjua. Angekubali, halafu angetania. Ulimnyima hilo." Kisha akasema, "Nitawaambia mwenyewe. Wewe pumua."

Aliiacha simu wazi. Tusekile alisikia jina la marehemu likitajwa, na mara sauti ya Chaula ikapasua giza: "Hapana! Namsikia! Huyu hapa anapumua, namsikia!" Halafu mvutano, buti zikikwaruza mwamba, na mkanda ukifunguliwa. Mstari wa Chaula ukatoweka kwenye kioo. Wa pili ukatoweka. Wa tatu. Ilizimika mmoja mmoja, mpaka ikabaki miwili: wa Anyelwisye, na wa tisa, uliokuwa ukipanda na kushuka kwa utulivu kana kwamba hakuna lililotokea.

"Mzimie mkanda, kaka," Tusekile alisema.

"Ngoja nimuage." Baada ya kitambo, mstari wa tisa ulinyooka.

Sasa hakuwa na mkanda wa kuwashika. Alikuwa na sauti tu, kwenye simu moja ya waya. Aliomba iwekwe sakafuni katikati yao. Alimwita Chaula kwa jina. Hakumwambia atulie, mtu hajawahi kutulia kwa kuambiwa. Alimwambia aweke mkono mmoja tumboni na mwingine kifuani, amwambie ni upi unaopanda zaidi.

"Wa kifuani!" Chaula alifoka.

"Ufanye wa tumboni upande. Vuta kwa nne. Mimi nahesabu, wewe beba. Toa kwa sita, kama unapoza uji. Ukishindwa, usijilaumu, rudi moja."

Alihesabu kwa saa mbili na zaidi. Sauti ilimkauka. Hakuweza kuona chochote, hakujua ni nani anayemfuata na nani analia, ila kidogo kidogo pumzi za kule chini zilianza kusikika kama za watu: moja mbele, moja nyuma, moja ina filimbi. Zilikuwa mbaya, zisizolingana, na kila aliyekuwa akizitoa alikuwa ameamua kuzitoa.

Tundu lilifika saa kumi kasoro dakika ishirini, lakini lilifika vibaya, nyuma ya kifusi cha mawe cha mita moja na nusu. Ilibidi wayatoe kwa mikono. Hewa ilikuwa imeoza, na vichwa vyao vilikuwa vimefanya kazi ya hofu tangu asubuhi. Mmoja baada ya mwingine walisema mikono imekufa.

"Haijafa," Tusekile alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema jambo ambalo alikuwa na hakika nalo kabisa. "Kichwa ndicho kinachosema hivyo, na kichwa kimechoka. Toa pumzi yote. Yote. Halafu shika jiwe. Nyanyua ukiwa unatoa. Moja tu. Usifikirie la pili."

Alisikia jiwe la kwanza likiburutwa. Kisha la pili. Dakika thelathini na tano baadaye ulisikika mlio mwembamba kama wa birika, na Anyelwisye akasema, bila furaha, "Hewa."

*

Waliwatoa siku ya pili, wanane wakitembea na mmoja amebebwa. Siku ya tatu walimzika Mzee Lwitiko kwao Rungwe, na Tusekile akaenda, ingawa Redempta alimshauri asiende, na ingawa mkubwa mmoja wa kampuni alikwisha kumletea maelezo yaliyochapwa yanayosema marehemu alifariki kwa mshtuko wa mwamba. Aliyaacha mezani bila saini.

Bibi Subilaga, mjane, alikuwa ameketi sebuleni kwenye mkeka, amejifunga khanga kiunoni, wanawake wamemzunguka. Kwenye benchi la ukutani waliketi wale wanane, wamenyolewa, wamevaa mashati safi. Tusekile alipiga magoti mbele ya mjane akamweleza yote, tangu karatasi ya daktari hadi saa sita na dakika arobaini. Wanawake waliacha kunong'ona.

"Aliteseka?" mjane aliuliza.

"Sijui, mama. Mstari haukuonyesha. Niliona anajikwaa, nikasogeza mkono kwenye simu, sikuinua."

"Kwa nini?"

"Niliogopa atanijibu."

Bibi Subilaga alimtazama. Hakusema amemsamehe wala hakumfukuza. Macho yake yalimwacha, yakaenda kwenye benchi, na paji la uso wake likakunjamana.

"Hawa wana nini?" aliuliza.

Tusekile aligeuka. Wale wanane walikuwa wamekaa mikono magotini, macho makavu. Vifua vyao vilipanda pamoja. Vilishuka pamoja. Hakuna aliyekuwa na mkanda. Akautambua mwendo ule: ulikuwa wake. Akazuia pumzi yake makusudi.

Benchi zima lilisimama kupumua.

Chaula alimkodolea macho, mdomo wazi, akisubiri. Anyelwisye pia. Hawakuonekana kujua wanasubiri nini. Akaachia, na wanaume wanane wakaachia, mmoja na mtetemo wake, mwingine akiwahi kidogo.

"Tangu walipotoka kule hawajalia," Bibi Subilaga alisema taratibu. "Mpwa wangu amemzika mjomba wake kama anayezika jiwe. Usiku walilala kwenye nyumba tofauti, na wake zao wananiambia waliamka kwa pamoja." Aliuweka mkono wake begani mwa Tusekile, mkono mzito, usio na chuki wala upendo. "Umenieleza, nimesikia. Sasa ondoka, mwanangu. Nenda mbali. Uwaache."

Tusekile aliinuka. Alitaka kumwambia Anyelwisye neno, lakini aliona kifua chake kikijiandaa kulipokea, akalimeza. Akatoka.

Njia ilipanda kati ya migomba, imelowa, ina utelezi. Alianza kutembea, kisha akakimbia, kwa viatu vyake vya msibani, akihema ovyo, bila hesabu, pumzi fupi juu ya pumzi fupi, hadi kichomi kikamshika ubavuni. Pale juu, penye uzio wa matete, alilazimika kusimama na kuinama, mikono magotini.

Kutoka chini, ndani ya nyumba, ilikuja sauti ya mwanamume mmoja akilia. Ilikatika, kama imeshangaa kujisikia. Kitambo kikapita. Akaanza wa pili, kwa sauti nene, halafu wa tatu akampita katikati, kisha wakawa wengi, kila mmoja akianzia kwake na kuishia kwake.